Mahenge kwa mguu: boma la Mjerumani, Kwiro na kurudi, siku moja tu

Wengi mmeniuliza zile picha za milima ni Udzungwa? Hapana jamani, ni Mahenge, hapo hapo Ulanga. Nimeamua kuandika kila kitu mahali pamoja ili anayetaka kwenda aende, na asiye na hela ya kukaa kafe muda mrefu a-printi tu.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Wenzetu Ulaya wana mtindo wa kutembea milimani siku nzima, wanapita ngome za kale, jioni wanajikuta pale pale walipoanzia. Ukitafuta kwenye intaneti zinakuja za Ujerumani kibao. Sasa Mjerumani huyo huyo alijenga ngome kwetu pia, na vijana tunapita hapo mbio kuwahi mawe ya Ipanko. Mawe sikatai, spineli ile kubwa ya kilo 52 ya mwaka 2007 ilitangaza Mahenge dunia nzima. Lakini kuna hadithi nyingine pale, na sisi wa Ifakara tumo.

KUFIKA: Panda gari la asubuhi kabisa. Unavuka Mto Kilombero kwenye daraja la Magufuli (mita 384, lilizinduliwa 2018), unapita Lupiro, halafu gari linaanza kupanda. Zamani ilikuwa kivuko, na mto ukijaa unalala ng'ambo. Ukifika juu utasikia baridi, beba sweta usije ukasema sikukwambia.

BOMA: Anzia hapa. Usiangalie kuta, geuka uangalie chini kwenye mteremko. Tarehe 30 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa na kama mwezi mmoja tu tangu vianze kule Umatumbi, maelfu ya watu walikuja kulivamia boma hili. Ndani alikuwepo Mjerumani aitwaye von Hassel, askari weusi kama 60, mamia ya wenyeji waliokuwa upande wake, na bunduki za mashine. Waliokuja walikuwa wamepewa dawa, ile maji ya kugeuza risasi kuwa maji.

Walianza Wapogoro. Bunduki zikaanza kulia wakiwa mbali bado, kama mita elfu moja. Wakastahimili kama robo saa, safu ikavunjika. Baadaye likatokea kundi la pili upande wa mashariki, watu zaidi ya elfu. Hao walikuwa Wambunga. Wengine walifika hatua chache kabisa kutoka kwa wenye bunduki ndipo wakaanguka. Mmisionari mmoja aliyekuwa bomani aliyaona yote hayo kwa macho yake.

Ukisimama pale utaelewa hesabu yake. Mteremko uko wazi, mtu anapanda mbio na mkuki, juu yake kuna bunduki isiyochoka. Nilijaribu kupanda kwa mwendo wa haraka na nilihema kama mzee, na hakuna aliyekuwa ananipiga risasi.

Mimi ni Mmbunga. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba kwao kuna waliokwenda "vita ya maji" na hawakurudi, majina yao yakapewa watoto. Nilikuwa nachukulia ni maneno ya jioni. Pale juu tulikutana na babu mmoja wa Kipogoro, tukamwamkia.

"Shikamoo babu."
"Marahaba wajukuu. Wa wapi nyie?"
"Ifakara babu, mimi Mmbunga."
Akacheka mpaka akakohoa. "Aaa, nyie! Nyie si ndio mlichelewa?"

Tukacheka wote, utani wa huku mnaujua. Lakini baadaye njiani nilikaa kimya. Ni kweli makundi mawili hayakupiga kwa pamoja, na watu wa huku bado wanaliongea kama jambo la juzi.

KWIRO: Kutoka mjini uliza njia ya Kwiro, hata mtoto atakuonyesha. Ni misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1902 na Wabenediktini, baadaye wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi. Unatembea kwenye vilima, migomba na miti mikubwa, kivuli kizuri. Hapa tulipumzika sana, tukala mihogo yetu.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Mahenge ilipiganiwa tena Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1917 Wabelgiji waliuteka mji huu, na Kapteni Tafel akakimbilia kusini na watu wake, akasalimu amri mwezi uliofuata. Hao sasa hawakuwa na habari na sisi kabisa, walitaka chakula chetu na wapagazi tu. Njaa iliyofuata Maji Maji yenyewe, baada ya serikali kuchoma mashamba na maghala, iliua watu wengi kuliko risasi.

KURUDI: Msirudi njia ile ile. Tafuteni kijana wa pale awapitishe kwenye vilima vyenye miti, mkubaliane bei kabla. Sisi kwa mapumziko na maswali tulimaliza mzunguko kwa masaa sita hivi. Msiende Machi au Aprili, njia ni utelezi mtupu, rafiki yangu alishuka sehemu moja kwa makalio. Picha ombeni ruhusa kwanza, huu ni mji wa wilaya na ofisi za serikali zipo. Maji ya kunywa bebeni lita mbili kila mtu.

Gari la mwisho kushuka halisubiri mtu, saa nane mchana uwe umeshaulizia. Sisi tulichelewa tukashuka na lori la mchele, juu ya magunia, tukavuka daraja giza limeingia.

Kama kwenu kuna jina la mtu aliyekwenda 1905, liandike hapo chini na ukoo wake. Mimi nimeanza na la kwetu.