Rangi Tatu za Ruring'u

Ukitoka Kiriaini kwa matatu, unapita mashamba ya chai, unapita Othaya, halafu unaingia Nyeri. Nje kidogo ya mji kuna uwanja wa Ruring'u. Jumamosi ya tarehe 26 Julai 1952, watu zaidi ya 20,000 walijaa hapo kumsikiliza Jomo Kenyatta, rais wa chama cha KAU. Polisi pia walikuwepo, na kalamu zao.

Hao polisi ndio wanaifanya hotuba ile iwe somo la balagha. Mzee alikuwa anaongea na makundi mawili kwa mdomo mmoja: umati uliotaka ardhi yake irudi, na serikali iliyotafuta sababu ya kumfunga.

Alianza kwa kuwaambia kwamba KAU ni wao, na wao ndio KAU. Ni maneno yaleyale yamegeuzwa kama chapati, lakini mtu akishasikia hivyo, hawezi tena kusema chama ni cha wakubwa wa Nairobi. Kisha akakana kwamba KAU ni chama cha ngumi na silaha, akasema Mau Mau haijui. Akaleta na methali: aliyepigwa rungu hurudi, lakini aliyepigwa kwa haki harudi tena. Polisi akiandika, ni maneno ya amani kabisa. Ila sikiliza vizuri, hata kwenye hiyo amani bado kuna mtu anapigwa.

Halafu ikaja bendera. Nyeusi, alisema, ni ya watu weusi. Nyekundu ni kuonyesha kwamba damu ya Mwafrika na ya Mzungu ni rangi moja. Kijani ni nchi jinsi Mungu alivyotupa, yenye rutuba. Akaongeza kitu kidogo tu: tazameni, kijani iko chini ya nyekundu, imekandamizwa. Umati ukalipuka kwa makofi.

Katikati ya umati alikuwepo mwalimu kijana, Karari Njama. Katika kitabu alichotoa na Donald Barnett mwaka 1966, anaeleza jinsi alivyoitafakari bendera ile mpaka akapata jibu lake mwenyewe: kati ya mtu mweusi na ardhi yake kuna damu. Kuifikia ardhi, lazima upite kwenye damu. Kenyatta hakusema hivyo popote. Alipanga rangi tu, akanyamaza, na mwalimu akamalizia sentensi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mbinu kali kuliko zote za siku ile, maana wazo ulilojitungia mwenyewe hulitilii shaka. Njama baadaye alikula kiapo, akaingia msituni Nyandarua, akawa katibu wa Dedan Kimathi.

Je, mzee alikusudia? Mimi naona alijua kuna pengo na akaliacha wazi, kwa sababu kuliziba upande wowote kungemgharimu. Tunaweza hata kupima gharama hiyo. Tarehe 24 Agosti, kule Kiambu, aliilaani Mau Mau waziwazi, kwa laana ya Kikikuyu ya kupotelea kwenye mizizi ya mikongoe. Hapo hapakuwa na fumbo. Fred Kubai na Bildad Kaggia walisimulia baadaye kwamba aliitwa Kiburi House, Nairobi, akaambiwa aache hotuba za namna hiyo. Serikali nayo haikumwamini. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, yeye akakamatwa, na kule Kapenguria waendesha mashtaka wakadai kwamba hakuwahi kuilaani Mau Mau kwa dhati. Tarehe 8 Aprili 1953 alifungwa miaka saba na kazi ngumu. Yaani fumbo lilimponza, na kusema wazi hakukumwokoa.

Mwaka 1963 rangi zile zilipandishwa tena, safari hii zikiwa bendera ya taifa, na mistari myeupe ya amani ikaongezwa katikati. Muulize mtoto yeyote wa shule ya msingi, Kiriaini au Umoja, nyekundu inamaanisha nini. Hatakwambia kwamba damu zetu zote ni rangi moja. Atakwambia ni damu iliyomwagika tukipigania uhuru. Hilo ndilo jibu alilolipata Njama akiwa amesimama Ruring'u.