Urembo wa Mzazi: Mlo na Mwili Uchaggani

Wazee wa Uchaggani husimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Siku moja moto wa Mawenzi ulizimika, naye akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akamkuta mwenziwe anatwanga ndizi kavu kinuni. Kibo akampa moto, akampa na ndizi. Mawenzi akazionja, zikamnogea, na njiani akauzima moto makusudi ili apate sababu ya kurudi. Akarudi, akapewa tena. Aliporudi mara ya tatu Kibo alikwisha kuitambua hila. Akauinua mchi akampiga nao. Ndiyo maana Mawenzi, mwenye urefu wa mita 5,149, amechongoka na kupasukapasuka, ilhali Kibo, mwenye mita 5,895, amekaa mviringo na theluji yake kichwani. Wasimulizi huongeza hili na kupunguza lile, lakini kiini hakibadiliki: sura ya mlima iliamuliwa jikoni, na aliyeharibika uso aliharibikiwa kwa kupenda chakula cha jirani.

Wageni hawakuutazama mlima kwa jicho hilo. Johannes Rebmann alipoiona theluji tarehe 11 Mei 1848, habari yake ilizua ubishi London, ambako wapo wataalamu walioshikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta. Ubishi ule ulikuwa wa kilele, na hata leo watalii wapitao Moshi hupita wameinua shingo. Maisha, hata hivyo, yako chini ya kilele, baina ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya migomba. Huko kila ukoo una vihamba vyake, kila kihamba kina nyumba, migomba, kahawa chini ya migomba, na ng'ombe anayelishwa zizini. Maji huletwa kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, iitwayo mifongo. Samadi ya ng'ombe huilisha migomba. Majani na maganda ya migomba humlisha ng'ombe. Na mwanamke ndiye anayezunguka baina ya viwili hivi tangu alfajiri, na ndiye pia aliyekuwa akiteremka hadi nyikani kukata majani na kupanda nayo mlima, mzigo kichwani.

Kuhusu mwanamke huyu na mwili wake kuna habari ambayo vitabu vya historia ya Kilimanjaro aghalabu huipita haraka. Vitabu hivyo hupenda mamangi na vita vyao: Rindi wa Moshi, Sina wa Kibosho, Meli aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Yaliyotendeka ndani ya nyumba ya msonge, mlango ukishafungwa, yalibaki kwa wachache waliojali kuyaandika, na wengi wao walikuwa wamisionari au watoto wa wamisionari, kama Otto Raum, ambaye kitabu chake juu ya utoto wa Kichagga kilitoka mwaka 1940. Ni wanaume, na ni wageni. Sauti ya mzazi mwenyewe haisikiki humo ila kwa mbali. Lakini waliyoyaona yanatosha kuonyesha kwamba Uchaggani palikuwa na kipimo cha urembo kisichofanana na vile tulivyovizoea.

Pwani na visiwani mwanamke hupambwa zaidi anapoolewa. Singo, hina, udi, asmini na kungwi wa kumwelekeza: yote huelekea usiku mmoja. Akizaa hupumzishwa siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa kanga, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na nia ni kumrudisha alivyokuwa. Mlimani mambo yalikwenda kinyume. Mzazi alikaa ndani miezi mitatu, na hakuna aliyetaka arudi alivyokuwa. Alitakiwa azidi. Alitakiwa atoke akiwa mnene kuliko alivyoingia, ngozi inang'aa, mashavu yamejaa, na unene huo ulihesabiwa kuwa heshima ya mume, sifa ya mama mkwe na afya ya mtoto kwa pamoja.

Kazi hiyo ilifanywa na chungu. Ndizi ya mtori ni mchare, ndizi ndefu nyembamba ya kupika, ambayo wataalamu wa urithi wa mimea wamegundua kuwa ni jamaa wa karibu wa mlali unaopatikana Unguja na Ngazija, na kwamba ndizi ya Cavendish inayouzwa maduka ya dunia nzima imechukua sehemu ya damu yake katika ukoo huohuo. Mpishi hujipaka mafuta mikononi kwanza, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi ukishika hautoki kwa sabuni. Nyama ya kidari, au mifupa yenye uboho, hutangulia motoni na kuchemka hadi iachane yenyewe. Ndizi zilizomenywa hufuata katika supu hiyohiyo, zikaiva, zikapondwa kwa mwiko hadi zikawa laini kama bokoboko, kisha maziwa au siagi ikamalizia. Wa mjini huongeza kitunguu, nyanya na karoti. Mtori wa mzazi hauhitaji mengi, na pilipili haiukaribii. Hunywewa wa moto, na vipande vya nyama, kwa kuwa ni vizito, hukaa chini ya bakuli. Hapo ndipo ulipotoka ule msemo uliokwisha kuenea Tanzania nzima, kwamba kunywa mtori, nyama ziko chini, ambao leo huambiwa mtu yeyote mwenye haraka, awe anangoja mshahara au matokeo ya uchaguzi.

Mtori haukuwa peke yake. Kulikuwa na kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa kwa magadi, ambayo wanawake waliyanunua sokoni yakitoka nyanda za chini. Kulikuwa na maziwa mgando. Na kulikuwa na mlaso: damu ya ng'ombe, iliyotolewa kwa kutoboa mshipa wa shingo kwa mshale mfupi bila ya kumuua mnyama, ikachanganywa na maziwa na mafuta. Msomaji Mwislamu atakisukuma mbali kibuyu hiki, na Wachagga Waislamu nao hawakigusi. Walakini asiyekula damu anaweza kuielewa hesabu ya waliokula: aliyemwaga damu akizaa arudishiwe damu.

Mume alipaswa kuchinja. Kama hakuwa na mbuzi wala dume la ng'ombe, alikopa, kwa maana mke aliyezaa akakaa bila ya nyama alikuwa aibu inayotembea kutoka kihamba hadi kihamba. Na hapa ndipo ilipo thamani ya desturi yenyewe. Uchaggani nyama haikuliwa ovyo. Mnyama akichinjwa kila kiungo kilikuwa na mwenyewe kwa cheo chake katika ukoo, na mara nyingi mgawo wa mwanamke haukuwa ule uliononga. Yule yule aliyebeba majani, samadi na mikungu ya ndizi mwaka mzima, katika miezi mitatu hii hakushika jembe, hakuchota maji, hakukata majani, na kilichononga kililetwa kwake kwanza. Jirani hakuja mikono mitupu. Alale, ale, anyonyeshe, alale tena. Kama neno anasa lina maana yoyote katika maisha ya mkulima wa mlimani, maana yake ilikuwa pale kando ya mafiga, katika joto la ng'ombe waliolala nyumba moja na watu.

Kisha ikaja siku ya kutoka. Mzazi alinyolewa kichwa, akavikwa taji la kale na vazi la ngozi iliyolainishwa na kunakshiwa kwa ushanga, akashikishwa fimbo kama ile ya wazee, akatoka na mtoto wake kwenda sokoni, polepole, watu wamwone. Akapokewa kwa nyimbo za namna waliyoimbiwa mashujaa warudio vitani. Nani angempinga aliyechagua nyimbo hizo? Waliokufa katika uzazi walijulikana kwa majina kila kitongoji. Na mahali palipochaguliwa ni soko, si uwanja wa mangi. Masoko ya Uchaggani yalikuwa ya wanawake, na yasimuliwa kwamba hata himaya mbili zilipokuwa zikipigana, wanawake wa pande zote mbili walikwenda sokoni wakarudi salama.

Mwaka 1891, wakati desturi hizi zikiwa hai kabisa, alipita mlimani Mmarekani May French-Sheldon, aliyeuanza msafara wake kwa baraka za Sayyid Ali bin Said wa Zanzibar, na ambaye wapagazi walimwita Bibi Bwana. Alipokutana na watawala alivaa gauni jeupe la sherehe lenye vito vya bandia, nywele za bandia za rangi ya dhahabu, na upanga kiunoni. Mwaka uliofuata akaandika kitabu juu ya safari yake. Aliamini, na labda hakukosea, kwamba wenyeji watampima kwa mapambo. Lakini inastaajabisha kufikiri kwamba katika miteremko ileile, pengine siku zilezile, alikuwapo mwanamke aliyekuwa akielekea sokoni amenyolewa kipara, tumbo lake bado halijarudi, maziwa yanamchuruzika, naye akaonwa kuwa mzuri kuliko siku zote za maisha yake.

Haifai kuipaka desturi hii asali. Taji lilikuwa la aliyezaa. Tasa hakuwa na siku ya kutoka, na aliyemzika mtoto wake hakuimbiwa. Tena mwili huohuo ulioshangiliwa sokoni ulikwisha kukatwa kabla ya ndoa, kwa sababu ukeketaji ulikuwa mlango wa kuingilia utu uzima. Makanisa yaliupiga vita tangu siku za mwanzo, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ikaufanya kuwa jinai kwa walio chini ya miaka 18. Jamii iliyojua kumpenda mwanamke kwa bakuli ilijua pia kumuumiza kwa wembe, na anayesifu la kwanza bila ya kulitaja la pili anasimulia nusu ya habari.

Kilichoiondoa sherehe hakikuwa kitu kimoja. Misafara ya Pangani na Mombasa ilileta marekani, ushanga na nyaya za shaba hata kabla ya Wajerumani, na ngozi ikaanza kuonekana ushamba. Ubatizo ukaleta siku nyingine ya kumtoa mtoto, na gauni jingine. Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi mlimani tangu 1902 hadi 1938 isipokuwa miaka michache baada ya vita, aliona kwamba ukoo na ujirani vikivunjwa hakuna Ukristo utakaoziba pengo, lakini hata yeye hakuweza kuizuia shilingi. Kahawa ikaja nayo: chama cha wakulima wenyeji mwaka 1925, kisha ushirika wa KNCU mwaka 1933. Kahawa ilikuwa ya mume, ndizi na maziwa vya mke. Vihamba vikagawanywa kwa wana na wajukuu hadi vikawa vipande, wanaume wakateremka mjini, na mama mkwe akabaki na chungu bila ya dume la kuchinja.

Vipimo vya urembo navyo vikawa jambo la amri. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliokataza sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kubadili rangi ya ngozi. Krimu zilistahili kukatazwa. Ila waliokabidhiwa kazi ya kuulinda mwili wa mwanamke walikuwa vijana wa kiume waliomvizia vituoni mwa mabasi, na huo si ulinzi. Baada ya miaka mingi mkorogo ungali unauzwa, zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku na bado vinapatikana, na katika soko la Kiboriloni, nje kidogo ya mji wa Moshi, mwanamke hujipimia mitumba iliyoshonwa kwa kiuno cha mtu wa nchi nyingine.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyezaa likizo ya siku 84 yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mmoja. Siku 84 ni miezi mitatu kasoro kidogo. Ni hesabu ya mlimani ileile, ingawa walioitunga hawakuitoa huko. Ila sheria haimfikii auzaye ndizi kando ya barabara, naye ndiye aliye wengi. Wala haimpi mtu wa kumpikia.

Hilo la mwisho limebaki kuwa jambo la watu wenyewe. Mwezi wa Desemba Wachagga hurudi mlimani kwa maelfu, mbuzi huchinjwa, kisusio huchemka, na bibi zao huwatazama wajukuu waliotoka Dar es Salaam na kuwauliza bila ya haya kwa nini wamekonda. Mtori umekwisha kuingia katika hoteli za Dar, hunywewa asubuhi pamoja na chapati na watu wasiojua Kibosho iko wapi. Na mwanamwali wa mlimani akizaa mjini, bado mama mkwe hupanda basi Moshi, safari ya kilomita 560 hivi, na mkungu wa mchare aliouchagua mwenyewe kihambani, umefungwa kwa majani yake ili usichubuke. Akifika humwangalia mtoto, humwangalia mama mtu usoni na mikononi, akaguna kidogo. Kisha huomba kisu, na mafuta ya kujipaka kabla ya kumenya.