Moto wa Umeme Unaoruka Hewani: Ukali Wake Hukadiriwaje?

Msikilizaji, ikitajwa hatari ya umeme wengi wetu hufikiria kupigwa shoti. Ipo nyingine, inayomuunguza mtu hata kama hakugusa waya. Bisibisi ikiteleza ndani ya meinswichi ya mashine ya kusaga na kuunganisha nyaya mbili, umeme huruka hewani, shaba huyeyuka na kurushwa usoni, na joto katikati ya mwako hufika maelfu ya nyuzi. Huku kwetu Kilwa upepo wa chumvi nao hula viungio vya nyaya, vikalegea na kutoa cheche.

Mwaka 1982 mhandisi Ralph Lee alionyesha namna ya kukadiria ukali wa mwako huu. Mwaka 2002 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikatoa mwongozo namba 1584, uliorekebishwa mwaka 2018. Kipimo ni joto linaloifikia ngozi: kalori 1.2 kwa sentimita moja ya mraba zinatosha kuleta malengelenge.

Hesabu huanzia kwenye transfoma. Ya KVA 100, volti 400, hutoa ampea kama 144 ikibeba mzigo wote. Kibati chake kikisema impidansi ni asilimia 4, gawanya 144 kwa 0.04: shoti ikitokea hapo karibu inaweza kuvuta ampea 3,600. Waya mrefu hupunguza kiasi hicho, na hapa ndipo wengi hukosea. Ampea zikipungua, fyuzi nayo huchelewa kukata, na joto huongezeka kwa kadiri ya muda. Mwako wa nusu sekunde huunguza mara tano kuliko wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo aliye mbali na transfoma anaweza kuungua zaidi.

Sasa fikiria fyuzi imeungua, mtu akaweka kipande cha waya wa shaba ili mashine iendelee. Muda haupimiki tena. Sisi tunasema wazi: huko si kutengeneza.

Kwenye njia moja ya volti 230 mwako mara nyingi hujizima, ingawa mkono ulio karibu huungua. Njia tatu ndiyo ya kuogopa. Kumbuka pia kwamba ukizima meinswichi, upande unaotoka mita bado una umeme. Kazi ya upande huo ni ya TANESCO, na ya ndani ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, apime kwanza kabla ya kugusa.

Mwenye sola kisiwani Songo Mnara naye asijione yuko salama. Spana ikilala juu ya vichwa viwili vya betri ya volti 12 huvuta mamia ya ampea papo hapo. Umeme wa gridi hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, nafasi ya mwako kuzimika. Wa paneli haushuki. Usichomoe nyaya za paneli zikiwa zinapeleka umeme, na weka fyuzi karibu na betri.

Aliyeungua mwondoe penye umeme baada ya kuuzima, vua pete na saa, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Kutoka Songo Mnara ni boti kwanza ndipo hospitali, kwa hiyo tafuteni chombo wakati maji yakiendelea kumwagwa.