Unanunua gari yadi? Bei ni ile iliyoandikwa, siyo ya mdomo



Hela ya kahawa ikianza kuingia, wengi wetu tunawaza chombo cha usafiri. Na tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ilipozinduliwa Septemba 2024, hata wenzetu wa dagaa kule ziwani wanatafuta pikapu. Shida ni kwamba yadi kubwa ziko Dar, kama kilomita 1,000 kutoka kwetu. Ukishafika nyumbani ndo unagundua umepigwa, kurudi kudai ni nauli, malazi na siku kibao za kazi. Kwa hiyo haki yako ijue kabla hujatoa hela.

Ugomvi mwingi unaanzia kwenye bei. Tuchukue mfano. Umeambiwa kwenye simu gari ni milioni 18, ukatuma advansi milioni 5. Unafika yadi unaambiwa kodi imepanda, ongeza milioni 2. Ukilipa, inakuja ya kubadili kadi. Ukidai risiti, bei inapanda tena. Sasa hapo nani ana haki?

1. BEI MLIYOPATANA
Mkishakubaliana bei, muuzaji hawezi kuipandisha peke yake. Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) zinamfunga yeye kama zinavyokufunga wewe. Makubaliano ya mdomo nayo yana nguvu, hasa ukishatoa hela, ila kuyathibitisha ndo kazi. Kabla ya advansi, pata karatasi au hata ujumbe wa simu wenye mambo haya: namba ya chasisi, mwaka wa kutengenezwa, bei yote, advansi uliyotoa, na kama advansi inarudi dili likivunjika.

2. "KODI IMEPANDA"
Uliza mapema: bei hii ni ya gari lililolipiwa kodi na lenye namba, au ni ya gari kabla ya kodi? Kama mlipatana bei ya gari lenye namba, kodi ni mzigo wa muuzaji. Kama ni kabla ya kodi, basi ni wako, na siyo ndogo. Gari dogo lililotumika linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 hakuna, cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, zaidi ya 10 ni asilimia 30. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, mwenye simu akupigie hesabu. Ndo maana mwaka wa gari ukidanganywa, bei yote imedanganywa.

3. BEI YA DOLA
Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa inayouzwa hapa nchini. Mwenye yadi akikupigia bei ya dola ili akuzungushe kwenye kubadilisha, mwambie ataje shilingi.

4. RISITI
Risiti ya EFD siyo ombi, ni wajibu wa muuzaji kutoa na wajibu wako kudai. Hakikisha imeandikwa kiasi ulicholipa kweli. Ukikubali risiti ya milioni 10 kwa gari la milioni 18, siku ya ugomvi utadai 10.

5. KUBADILI KADI
Andikeni nani analipa. Kuna ada ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu asilimia 1. Jina la kwenye kadi lazima lilingane na anayekuuzia, na kama anauza kwa niaba ya mtu, aonyeshe barua. Angalia pia madeni ya faini za trafiki kwa kutumia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Na usikae miaka na kadi ya jina la mtu!

UBORA WA GARI
Hapa kuna kitu watu wengi hatukijui. Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka gari lifanye, ukategemea utaalamu wake, sheria inataka gari liifae kazi hiyo. Ziwa letu liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Mbinga mjini iko juu kuliko mara mbili ya hapo. Pikapu ya kupandisha dagaa kutoka Mbamba Bay siyo sawa na gari la kwenda sokoni Kariakoo. Basi mwambie hivyo, tena kwa maandishi: "nataka gari la kubeba tani moja kwenye milima."

Ila angalia upande wa pili. Ukilikagua gari mwenyewe, ubovu ambao ukaguzi ule ulipaswa kuuonyesha huwezi kumlaumu muuzaji. Kwa hiyo nenda na fundi wako, siyo fundi wa yadi, na mlijaribu kwenye mwinuko.

Na lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"? Haliui haki zako. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na bei yake, na inamlinda mlaji kwa masharti ambayo bango haliwezi kuyafuta.

UKIDHULUMIWA UENDE WAPI
Anza na barua kwa muuzaji, mpe siku kadhaa, baki na nakala. Akikaidi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ofisi ya kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Ya risiti peleka TRA. Ukiona ni utapeli wa wazi, mfano gari la wizi au kadi feki, hiyo ni polisi moja kwa moja. Na kama unadai hela yako tu, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30, kwa Kiswahili. Magari mengi tunayonunua yanaingia humo.

Kote huko utaulizwa kitu kimoja: karatasi iko wapi? Hela ya kahawa inatafutwa mwaka mzima kwa jembe, jamani. Usiitoe kwa maneno ya dakika tano. Karatasi kwanza, hela baadaye.

Tupo pamoja.