Soli ya Kiatu cha Mlimani

Wasikilizaji wetu, mtu atakaye kupanda Kilimanjaro huuliza kwanza bei ya koti. Sisi twaona ni heri aulize kwanza khabari za soli ya kiatu, maana soli ina tarikhi yake, na tarikhi hiyo imegharimu roho za watu.

Zamani wapandaji wa milima ya Alpi, huko Ulaya, walivaa viatu vizito vya ngozi vilivyopigwa misumari ya chuma chini. Misumari hiyo ilishika vema penye theluji na majani mabichi, lakini juu ya jiwe kavu iliteleza. Tena chuma hupitisha baridi upesi, hata miguu ikafa ganzi. Basi walipofika penye jabali la kukwea, walivua viatu hivyo wakaviacha chini, wakavaa vyepesi vyenye soli ya kamba au ya sufu iliyoshindiliwa. Desturi hiyo ilifaa maadamu mbingu ni njema.

Mwaka 1935 kundi la Waitaliani lilikwea kilele kiitwacho Punta Rasica. Tufani ya theluji iliwakuta huko juu, na vile viatu vyepesi havikuwafaa kitu. Watu sita walikufa. Walikuwa rafiki zake Vitale Bramani, mpanda milima wa mji wa Milano, naye akaazimu kutafuta kiatu kimoja kitakachofaa jiwe na theluji pia, ili mtu asiwe na haja ya kukiacha chini. Kwa msaada wa Pirelli, watengenezaji wa matairi ya motokaa, alitoa mwaka 1937 soli ya mpira mgumu yenye meno makubwa, akaiita Vibram kwa kuunga mianzo ya majina yake mawili. Mwaka 1954 Waitaliani wawili, Achille Compagnoni na Lino Lacedelli, walifika wa kwanza juu ya K2, wenye kimo cha mita 8,611, wakikanyaga soli za namna hiyo. Mafundi wetu wa katambuga hawatastaajabu, kwani wao pia wajua kuwa mpira wa tairi waweza kuuchukua mguu mbali.

Basi anunuaye kiatu na akibonyeze soli kwa kidole. Mpira uliokauka na kufanya nyufa usinunuliwe hata kwa bei ya bure, ijapokuwa ngozi yang'aa. Mpira huzeeka hata ukiwa umewekwa kabatini. Ajaribu kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, pamoja na soksi nene za sufu. Vidole visiguse mbele, maana katika kushuka mguu husukumwa mbele, na kucha ndizo ziumiazo.

Nguo hazina taabu nyingi. Sweta ya sufu ya mtumba yashinda fulana mpya ya pamba, kwa sababu sufu hata ikilowa huhifadhi joto, bali pamba iliyolowa huliondoa mwilini. Juu yake livaliwe koti lizuialo upepo na mvua. (George Finch alipovaa koti lililojazwa manyoya ya bata huko Everest mwaka 1922, wenziwe walimcheka, baadaye wapanda milima wote waliliiga.) Koti la namna hiyo laweza kukodiwa Moshi kwa siku chache za safari. Viatu visikodiwe, bali vinunuliwe mapema, vivaliwe majuma kadha katika njia za nyumbani, mpaka ngozi ilainike na kuufuata mguu wa mwenyewe.