Furu wa Ziwa Letu na Swali la Nani Aliyewaumba

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya ubishi usiokosekana pale wanapokutana vijana wa sekondari na wazee wao. Je, viumbe tunavyoviona, binadamu akiwemo, viliumbwa hivi hivi vilivyo tangu siku ya kwanza, au vilibadilika kidogo kidogo kwa muda mrefu sana? Huku kwetu Bukoba na Muleba ubishi huu mara nyingi humalizwa kwa swali moja la kebehi: "Kama mtu alitokana na nyani, mbona nyani wangali porini?" Watu wakishacheka, mazungumzo yamekwisha. Mimi naona hayafai kwisha mapema namna hiyo, kwa sababu sehemu ya ushahidi unaobishaniwa duniani kote imo ndani ya ziwa letu, na baadhi yake tumekwisha kuipoteza.

Mimi si mwanasayansi. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Lakini kazi ya mwandishi ni kuuliza nani alisema nini, lini, na kwa ushahidi gani. Basi tuanze na historia.

Mwaka 1802 kasisi mmoja wa Uingereza, William Paley, alitoa kitabu chenye hoja nyepesi kueleweka. Ukiokota saa njiani, alisema, huwezi kudhani ilijitengeneza yenyewe; utajua yuko fundi. Na jicho la kiumbe lina ufundi kuishinda saa, kwa hiyo nalo lina fundi wake. Hoja hii si ngeni kwetu. Kabla wamisionari hawajafika, Wahaya walimwita Muumba kwa jina la Ruhanga, jina linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuumba. Kwamba kazi nzuri ina mwenyewe, babu zetu hawakuhitaji kufundishwa na mtu.

Mwaka 1859 Mwingereza mwingine, Charles Darwin, alileta maelezo tofauti. Mkulima huchagua mbegu nzuri ya maharage msimu hadi msimu, na baada ya miaka mingi maharage yake hayafanani tena na yale ya mwanzo. Darwin alisema maumbile nayo huchagua, ingawa hayana macho wala mikono: kiumbe anayeyamudu mazingira yake huishi na kuacha watoto, asiyeyamudu hufa bila uzao.

Kuanzia hapo ugomvi haukulala. Mwaka 1925, katika mji wa Dayton huko Marekani, mwalimu John Scopes alishitakiwa kwa kufundisha habari hizo, akatozwa faini ya dola 100. Katika miaka ya 1990 liliibuka kundi jipya lenye hoja iliyofanana na ile ya saa ya Paley, safari hii likizungumzia chembe hai. Mwanabaiolojia Michael Behe aliandika mwaka 1996 kwamba baadhi ya mitambo midogo iliyomo katika chembe hai haiwezi kujengeka hatua kwa hatua, hivyo lazima awepo msanifu mwenye akili. Mwaka 2005 wazazi 11 wa mji wa Dover, jimbo la Pennsylvania, waliipinga bodi ya shule mahakamani kwa kuiingiza hoja hiyo darasani. Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, aliamua kwamba hoja hiyo ni ya kidini, wala si sayansi.

Mwaka uliofuata moto ulifika kwa jirani zetu. Jijini Nairobi, Askofu Boniface Adoyo aliongoza upinzani wa makanisa ya kiinjili dhidi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akitaka masalia ya binadamu wa kale yasipewe nafasi ya mbele. Miongoni mwake yalikuwamo mifupa ya mvulana wa Turkana, mwenye umri wa miaka ipatayo milioni moja na nusu, aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenyewe. Richard Leakey aliipinga hoja hiyo vikali. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2008 baada ya ukarabati, mifupa hiyo iliwekwa watu waione.

Na lile swali la nyani? Wanasayansi hawasemi kuwa mtu alizaliwa na nyani huyu wa leo. Wanasema mtu na nyani wana babu mmoja wa zamani sana. Mtu wa Kamachumu mwenye binamu yake Kiziba hashangai kwamba binamu huyo yungali hai. Hakuna kati yao aliyemzaa mwenzake.

Sasa turudi nyumbani, ziwani.

Wengi mnamfahamu furu, yule samaki mdogo mwenye miba, wa kukaushwa juani na kupikwa na nyanya. Kwa mlaji, furu ni furu. Kwa wataalamu waliowachunguza, Ziwa Victoria lilikuwa na spishi za furu zipatazo 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Walikuwamo wenye meno ya kuponda konokono, wenye kukwangua mwani juu ya mawe, wenye kula wadudu, wenye kula samaki wenzao, na hata waliokuwa wakinyonya mayai na watoto wachanga kutoka kinywani mwa mama mwingine, maana furu hulelea wanawe mdomoni.

Mwaka 1996 watafiti walitangaza jambo la kushangaza. Walitoboa tope la chini kabisa ya ziwa, na chini yake wakakuta udongo uliowahi kukauka, wenye alama za mizizi ya nyasi. Maana yake ni kwamba kama miaka 15,000 iliyopita, mahali ambapo leo boti hukata maji kwenda visiwa vya Bumbire na Goziba palikuwa nchi kavu. Ziwa letu ni pana, lakini kina chake hakizidi mita 80 na ushei. Mvua zilipokatika kwa muda mrefu, lilikauka.

Basi furu hawa walitoka wapi? Wapo wataalamu waliobisha wakisema muda huo ni mfupi mno. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2017 ulisaidia kujibu. Ulionyesha kwamba ukoo huu ni mkongwe kuliko ziwa la sasa, na kwamba mababu zake walitokana na kuchanganyika kwa samaki wa upande wa Kongo na wa upande wa Nile. Ziwa lilipojaa upya, wazao wa mchanganyiko huo walienea na kugawanyika katika aina nyingi kwa kasi isiyo ya kawaida.

Nitoe mfano mmoja. Yuko furu aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, akapewa jina lake: nyererei. Jina la jenasi yake ni Pundamilia, kwa sababu ya mistari. Dume lake ni jekundu na hukaa kwenye maji ya kina. Jirani yake, dume la bluu, hukaa juu juu. Katika maji yetu, kadiri unavyozama ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea wekundu. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba macho ya furu hawa yanatofautiana: wa chini huona vizuri zaidi rangi nyekundu, wa juu bluu. Na majike huchagua dume wanayemwona vizuri. Pale maji yalipochafuka mno kiasi cha rangi kutoonekana, aina hizo mbili zilikutwa zimechanganyika kuwa moja.

Ndugu msikilizaji, Paley alilitumia jicho kama ushahidi wake mkubwa. Hapa kwetu jicho hilo hilo linaonekana likifuata mwanga wa maji, na aina za samaki zikigawanyika kwa ajili yake.

Anayepinga atasema: "Hata hivyo furu amebaki furu, hakugeuka kuku." Ni kweli, na asikizwe. Lakini anayesema kila aina iliumbwa ilivyo tangu mwanzo naye atueleze hawa 500 walikuwa wapi siku zile ziwa lilipokuwa majani. Kwa upande mwingine, anayedhani furu amethibitisha kuwa hakuna Mungu naye amevuka mpaka. Samaki anaeleza jinsi mambo yalivyokwenda. Nani aliyeiweka kanuni hiyo, samaki hasemi.

Katika hilo, tusidhani kila muumini ni adui wa sayansi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao Kardinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Muleba hii hii, alishiriki, ulikiri mwaka 1965 kwamba utafiti ukifuata njia yake ya haki haupingani na imani. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja. Yapo makanisa mengine, na wapo masheikh wengi, wasiokubali hasa linapofika suala la binadamu. Hiyo ni haki yao. Ninachoomba ni mwanafunzi asiambiwe kuwa kujibu mtihani wa baiolojia ni kuasi dini, wala asichekwe darasani kwa kuwa anasali.

Lakini liko jambo linaloniuma kuliko ubishi wenyewe. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara alipandikizwa ziwani upande wa Uganda. Miaka ya 1980 alifurika kote. Kabla yake, furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Baadaye ilikadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zimetoweka, kwa kuliwa na sangara, kwa uvuvi, na kwa kuchafuka kwa maji. Sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni, hatuwezi kukana. Lakini wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kama furu ni kazi ya Ruhanga, tumeiharibu kazi yake bila kumwuliza. Kama ni kazi ya maumbile, tumefuta katika miaka michache kilichochukua maelfu ya miaka. Mchungaji na mwalimu wa baiolojia wanaweza kutofautiana mpaka jioni juu ya chanzo. Juu ya kokoro linalozoa mazalia, na taka zinazomiminwa ziwani, sioni watofautiane kwa lipi. Baadhi ya furu wamesalia kwenye miamba na kwenye maziwa madogo ya pembeni. Hao bado wanaweza kuokolewa.