Kilima cha Hohenstaufen

Wazee walisema, "Mpanda ngazi hushuka." Neno hilo limetimia katika kilima kimoja cha Ujerumani ya kusini, jina lake Hohenstaufen. Kilima hiki si kirefu. Kilele chake ni futi 2,244 tu juu ya bahari. Lakini kimesimama peke yake katikati ya mashamba, na watu wa Ottenbach, Maitis na Wäschenbeuren hukiona kila wainuapo macho.

Yapata mwaka 1070 bwana mmoja, Friedrich, alijenga ngome kileleni. Ukoo wake ukaitwa kwa jina la kilima, nao ukazaa wafalme wakuu. Mmoja wao ni Friedrich Barbarossa, yaani Ndevu Nyekundu, aliyekufa maji mwaka 1190 katika safari ya vita kwenda Yerusalemu. Wa mwisho alikuwa kijana Konradin, aliyekatwa kichwa Napoli mwaka 1268, naye ana umri wa miaka 16 tu. Ukoo ukazimika kama taa iliyokwisha mafuta; ngome ikapita mikononi mwa wengine.

Je, wakulima wa nchi ile walikuwa na hali gani? Wengi walihesabiwa kuwa mali ya mabwana, wakitozwa kodi na kufanyishwa kazi bila ujira. Mwaka 1525 wakulima wa Swabia waliandika madai 12 katika mji wa Memmingen. Walisema ya kuwa Kristo amewakomboa watu wote kwa damu yake, mchunga mifugo sawasawa na mkuu. Basi haifai mtu kuwa mali ya mtu.

Vita vikatokea. Mwaka ule ule wakulima walipanda Hohenstaufen, wakawashinda askari wachache waliokuwamo, wakaiteketeza ngome. Lakini furaha yao haikudumu. Tarehe 12 Mei wenzao walishindwa huko Böblingen, na wakulima maelfu kwa maelfu wakauawa katika vita vile. Utumwa wao haukuondolewa katika nchi ya Württemberg mpaka mwaka 1817.

Na ngome je? Haikujengwa tena. Mawe yake yalichukuliwa kujengea jumba la mtawala mjini Göppingen, kazi iliyoanza mwaka 1555. Leo kileleni imebaki misingi tu, bali kijiji kilicho chini yake kingali na watu.

Basi, ndugu msomaji, ukipewa ukubwa, hata wa nyumba moja, usiache kusikiliza kilio cha aliye chini yako. Moto wa mwaka 1525 uliwashwa siku nyingi kabla haujaonekana.